Mtini Uliokatwa na Upepo

Debora mwanangu,

Salamu sikupi, maana tangu asubuhi tumeshasalimiana, tumegombana na tumepatana, na hivi ninavyoandika nakusikia uani ukicheka na shangazi zako. Jua bado lipo. Nimewaambia nakuja jikoni kutazama wali, na wali kweli upo, ila nimeufunika na kuuwekea makaa juu, nikavuta kigoda nikaanza kuandika kabla mtu hajaja kuuliza mama yuko wapi. Ukiona doa la mafuta kwenye karatasi hii, ni la yule jogoo mwekundu aliyekuwa anakufukuza. Leo tunamla kwa heshima yako.

Mambo ya kuvaa sweta, kufunga mlango, kula kwa wakati na kusali hutayaona humu. Hayo baba yako ameyapanga kichwani tangu wiki iliyopita, atakuambia yote kesho stendi, na basi likianza kuondoka atakuwa bado anayasema dirishani huku akilikimbilia. Mwache aseme. Akimaliza atanunua karanga na hatazila.

Mimi naandika kwa sababu ya neno ulilolisema Jumapili. Tulikuwa tumesimama pale kwenye jiwe, mimi na panga, wewe umeshika kiroba, tunachagua vijiti vya mtini vya kwenda navyo. Ukaweka kiroba chini, ukasema, "Mama, wale watu wanadhani mimi najua mitini. Mimi najua mti mmoja tu."

Nami nikacheka. Nilicheka kwa vile ulivyokunja uso, ulifanana na bibi yako kama vile amerudi. Lakini wewe hukucheka, na tangu siku hiyo unafungasha na kufungua, unafungasha na kufungua. Jana umemwambia mdogo wako kwamba labda utaahirisha, uende mwezi ujao. Amekuja kuniambia mbio mbio, unamjua alivyo, tumbo lake halihifadhi kitu.

Najua unachoogopa. Hicho kikundi cha wakulima kule Makete kimepanda mitini mara mbili, na mara zote mbili baridi imewashinda. Mwenyekiti wao, yule mama mwenye sauti ya kengele, alikueleza kwenye simu bila kuficha: wanakupa shamba na chumba, ujaribu, na safari hii mitini isipozaa wanang'oa yote wanapanda viazi. Watu wazima wamekaa huko wanamsubiri msichana wa Iramba mwenye cheti cha kilimo aje awaambie la kufanya. Kwa kweli hata mimi ningefungasha na kufungua.

Basi acha nikueleze habari za huo mti mmoja, kwa sababu wewe umeukuta unazaa. Unaujua kama mtu anavyomjua shemeji yake mkubwa, aliyemkuta tayari ana ndevu na heshima zake. Mimi nimeujua ukiwa hauna adabu.

Kabla hujazaliwa nilikuwa napika kwenye nyumba ya masista. Sista mmoja mzee alikuwa akitunza bustani pale, na siku anarudi kwao aliniita nyuma ya jiko akanipa vijiti vichache vilivyofungwa kwenye kitambaa kibichi. Akasema huu ni mtini, tunda lake ni tamu sana, lakini huku juu kwenu kuna baridi na upepo, kwa hiyo usitegemee. Ungeniona nilivyorudi nyumbani. Nilipita kwa majirani wote na vijiti vyangu, kila anayeuliza namwonyesha, na kila niliyemwonyesha alivitazama akaona kuni.

Kwetu mtu akipenda kitu cha shambani anakipa samadi. Ndivyo tulivyolelewa, ng'ombe ndiye benki na ndiye mbolea. Nikachagua pale palipokuwa zizi la zamani la babu yako, udongo mweusi, mtu ukikanyaga unazama. Nikapanda. Kijiti kimoja kikashika, na Debora, kiliota kwa fujo. Msimu wa pili kilikuwa kimenipita urefu. Majani makubwa kama sinia, yanang'aa, mtu akipita njiani anasimama kuuliza ni mti gani. Nilikuwa nimejaa maringo mimi. Nikasubiri tini.

Hakukuwa na tini. Msimu uliofuata nikaona labda haujashiba, nikaongeza samadi. Majani yakaongezeka. Nikaongeza tena. Shangazi yako, huyu huyu anayecheka hapo nje, alikuwa akija kuomba majani ya kufunikia vyungu, anayachuma huku ananiambia shambani kwangu nimevuna vizuri mwaka huu. Na kanisani ndiyo ilikuwa balaa. Kila mhubiri alipofika kwenye habari ya mtini usiozaa, watu waligeuka kunitazama. Baba yako akawa anakohoa ili asicheke. Siku moja mhubiri mgeni akasimama katikati ya maneno yake akauliza kwa upole kama kuna tatizo benchi la tatu.

Sikujua kwamba shibe ndiyo iliyokuwa inauharibu. Mti ukilishwa hivyo hauna sababu ya kuhangaika na matunda, unakaa unajipamba tu. Wewe ulikuja kunieleza kisayansi ulipotoka chuo, ukanichorea na mchoro, nami nikaitikia kama nasikia kwa mara ya kwanza, maana ulikuwa umefurahi sana kunifundisha. Lakini nilikuwa nimeshajua. Nilijua siku nilipochoka kubeba ndoo za samadi, nikaacha kwa uvivu, na mti ukatoa tini zake za kwanza, ngumu kama kokoto. Hazikuiva lakini zilikuwa tini. Niliwaita watu kuja kuziona.

Hazikuiva kwa sababu zilikuwa juu mno, na hapo ndipo anapoingia bibi yako.

Bibi yako alizaliwa Kinyangiri, na kwao kulikuwa na mkuyu ambao haukuguswa hata tawi la kuni. Mwenye kukata mkuyu, mvua inagoma na ng'ombe wanakauka. Sasa siku moja akavunja jani la mtini wangu, akaona maziwa meupe yanatoka, akalisogeza puani, akanusa. Akatangaza kwamba huyu ni ndugu yake mkuyu na hakuna mtu wa mji huu atakayeukata. Na kuhusu undugu hakukosea, umenisomea mwenyewe kwenye vitabu vyako. Lakini ndiyo hivyo, panga likapigwa marufuku. Mti ukapanda juu ukapita paa la nyumba, tini zikawa zinakaa huko juu kwenye upepo wa Juni, zinapepesuka usiku kucha, zinasinyaa, zinadondoka. Mimi nasimama chini natazama. Nikimwambia, "Mama, nipunguze kidogo tu," ananiuliza kama nina mvua yangu binafsi.

Ningeweza kukata akiwa sokoni. Sikukata. Nilikuwa mkwe bado mpya, na halafu, nikuambie ukweli, nilikuwa naogopa kidogo na mimi. Mvua ingegoma mwaka ule, lawama zote zingekuwa zangu.

Basi mwaka mmoja ukaja upepo wa Julai ule unaoezua mabanda. Tuliamka tukakuta tawi kubwa la mtini, karibu nusu ya mti, liko chini. Bibi yako akatoka na shuka lake amejifunika hadi masikioni, akalizunguka lile tawi polepole, akatazama palipovunjika, akatazama juu. Sote tulikuwa tunamsubiri. Akasema, "Upepo ndio umekata. Sisi hatumo." Akarudi ndani kunywa uji.

Na mvua ikanyesha, mwanangu, tena vizuri. Pale palipovunjika pakachipua matawi mapya ya chini, mkono unafika, na yakabeba tini. Bibi akaziona. Mwaka uliofuata baridi ilipokuwa inaisha, nikachukua panga, nikakata tawi moja la upande ule mwingine. Jioni akapita.

"Nani amekata hapa?"

"Upepo, mama."

Akainama akatazama jeraha lilivyonyooka. "Upepo wa siku hizi umenolewa," akasema, akaondoka zake na mkongojo wake.

Ikawa hivyo kila mwaka, yeye anauliza, mimi nataja upepo, yeye anausifia upepo kwa kazi nzuri. Hakuna aliyevunja mwiko. Na mwaka wake wa mwisho, alipokuwa hatoki tena kitandani, nilikuwa na kazi nyingi nikasahau kabisa mambo ya mti. Akaniita. Nilidhani anataka maji. Akasema, "Mwaka huu upepo umechelewa, vipi?" Nilicheka hadi nikakaa chini sakafuni. Tulicheka wote wawili, naye alikuwa hana nguvu ya kucheka, akawa anatikisika tu kwenye blanketi.

Nakusimulia hili kwa sababu huko unakokwenda kuna watu na wana mambo yao. Utakuta kitu ambacho hawakati, au hawapandi, au hawagusi siku fulani. Usikipinge mbele yao na cheti mkononi. Kaa nacho. Utakuta kuna mlango mdogo, na mara nyingi wanaoujua ni wale wale waliokukataza.

Sasa jiwe. Unadhani mti wa jiweni, uliotokana na huo huo wa zizini, niliupanda pale kwa akili. Kila mgeni anayekuja namwacha aamini hivyo. Ukweli ni kwamba ni kazi ya kuku. Lile tawi lililoanguka nilikuwa nimelikatakata vipande, sijui nivifanye nini, nimeviweka kwenye ndoo ya maji. Na wakati ule ule nilikuwa na kuku mweupe mwenye vifaranga aliyegoma kulala bandani. Kila jioni namkuta amejibana chini ya lile jiwe kubwa tunakoanika mtama, upande wa kaskazini. Namrudisha bandani, anatoka. Namrudisha, anatoka, na vifaranga nyuma yake. Nikakasirika nikaenda kumkamata kwa nguvu, nikashikilia jiwe ili nisianguke. Lilikuwa la moto. Jua limeshazama, vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi, na jiwe lina joto kama ukuta wa jiko.

Nikakaa pale na kuku wangu. Nikagundua na upepo haupo, jiwe limeukinga wote. Mwezi wa Juni jua linapita upande ule kutwa nzima, jiwe linashiba joto, halafu usiku linalitoa polepole. Kuku alikuwa anajua siku zote. Kesho yake nikachimba pale, na sikuchimba sana maana chini kuna jiwe jingine, nikachomeka vile vipande. Watu wakaniambia sasa nimechanganyikiwa, napanda juu ya mawe. Lakini mizizi ilipokosa pa kukimbilia, mti ukabaki mfupi, ukatulia, ukaanza kuzaa. Tini ya kwanza kuiva tuliila mimi na baba yako tumesimama pale pale, hatukumwita mtu. Baba yako alilamba vidole vyote akasema ni kama asali ya Itigi, ila hii imekuja na mfuko wake. Nilikuwa na mimba yako. Nilitaka nyingine, ikawa hamna.

Kwa hiyo ndiyo sababu siku ulipopata akili ya kutambaa, ulitambaa kwenda kule. Unakumbuka ulipokua kidogo ulivyokula tini mbichi, utomvu ukakuchoma midomo ikavimba, nikakuuliza ukasema umeng'atwa na nyuki? Nyuki gani anang'ata midomo yote miwili sawasawa. Baba yako alikutetea.

Na baada ya hapo usifikiri tulistarehe. Mimi nilinogewa na panga. Nikaona kukata ndiyo dawa, basi mwaka ule wewe ulipoanza shule nikaunyoa mti wa jiweni wote, ukabaki visiki. Nilijipongeza. Vikatoa machipukizi marefu kama viboko, tini zikatoka nyingi, lakini zilichelewa, zikakutwa na baridi zikiwa kijani, zikabaki hivyo hivyo. Na wewe ulikuwa umewaahidi wenzako darasa zima. Wakakuita mwongo. Ulirudi nyumbani ukanikuta nachambua mchicha, ukavua viatu ukavitupa, ukasema, "Mama, umekata tini zangu." Nikakuambia sijakata tini, nimekata matawi. Ukanivuta mkono hadi kwenye rundo la matawi makavu, ukanionyesha nchani. Nilikuwa sijawahi kutazama. Kila ncha ilikuwa na vidude vidogo kama njegere, vimekauka navyo. Zile ndizo tini zinazolala na baridi na kuamka baridi ikiisha, zinaiva kwanza kabla ya nyingine zote. Nilikuwa nimezikata zote nikazirundika pale.

Ulininunia siku nyingi. Kila nikikumbuka nacheka, lakini siku zile sikucheka, nilikuwa namwogopa mtoto wa darasa la kwanza ndani ya nyumba yangu.

Tangu hapo unajua tunavyofanya: tunakata matawi kadhaa ya zamani, mengine tunayaacha na ncha zake, mwaka unaofuata tunageuza. Hiyo huna haja ya kufundishwa, mkono wako unaijua kuliko wangu. Lakini kuna moja ambalo kila mwaka nilikuachia ulifanye wewe na sikukuambia kwa nini. Baridi inapoanza, zile tini zilizokwisha kuwa kubwa lakini hazitawahi kuiva, lazima zitolewe, zibaki njegere tu. Mimi siwezi. Nikishika tunda lililokua hivyo nafikiri labda, labda jua litachomoza wiki moja zaidi. Mwaka mmoja nilizifunga moja moja kwa mifuko ya plastiki. Zikaoza ndani ya mifuko, na mti ukachoka kwa kuzibeba, zile ndogo nazo zikadondoka. Wewe unapita tu unatoa, huku unaimba. Nilikuwa najifanya nina kazi nyingine, nakuchungulia dirishani. Hicho kitu unacho, Debora, na mimi sina. Huko kwenye baridi kali zaidi kitakufaa kuliko chochote nilichokupa mimi.

Kuhusu Makete yenyewe sina la kukuambia, sijafika. Wanasema kuna sakitu, asubuhi majani yanaamka meupe na mtu akitembea yanalia chini ya viatu. Ile video uliyonionyesha niliitazama mara nyingi ulipolala na kuniachia simu. Niliona mitini yao iko bondeni, karibu na maji, kama wanavyopanda mboga. Mimi kwa macho yangu ya Iramba nikajiuliza baridi ya kule usiku inakwenda wapi, maana hapa kwetu inashuka bondeni kama maji, ndiyo maana waliojenga kule chini wanawasha moto hadi saa tatu asubuhi. Labda kule ni tofauti. Labda ndilo jibu. Utaona mwenyewe. Jioni moja tembea kijijini taratibu, tazama kuku wao wanalala wapi.

Na sasa usikasirike. Juzi nilimpigia simu yule mwenyekiti. Namba niliitoa kwenye simu yako. Tulisalimiana vizuri, nikajitambulisha mimi ni mama Debora, nikamuuliza pale kijijini ukuta gani una joto kuliko zote. Nadhani alifikiri nimepiga namba siyo. Halafu akasema ni ukuta wa ghala la matofali, wa upande wa jua, wazee wanakaa pale asubuhi kuota jua. Nikamwambia basi pale ndipo penyewe, wazee wahamie kwingine. Debora, yule mama alicheka hadi simu ikawa inakwaruza. Akaniambia, "Mama Debora, hao wazee mmoja ni mume wangu, nitamhamisha leo." Tumeongea hadi salio likaisha. Huyo ni mtu wako. Ukiwa na shida mwendee.

Narudi kwenye neno lako. Uliniuliza Jumatatu, tena kwa sauti ya chini ili baba yako asisikie, "Nisipoweza je?" Nikajifanya napuliza moto.

Sijui kama utaweza. Nikikuambia utaweza nitakuwa nakupa maneno ya stendi. Baridi ile huenda ikaua miti yote, ukuta au si ukuta. Ikitokea hivyo, wale watu watasikitika na wewe utasikitika, mtang'oa pamoja, na mtapanda viazi, na wewe unajua kupanda viazi. Nyumbani hapa utakaribishwa kwa kuku mwingine. Hakuna mtu atakayegeuka kanisani kukutazama, na akigeuka nitamgeukia mimi.

Lakini kuna jambo sijawahi kukuambia, na ndilo lililonikalisha hapa jikoni. Miaka yote ile ya majani matupu, ya kuchekwa, ya kugombana na bibi yako, ya kubeba ndoo za samadi bure, nilikuwa na furaha. Furaha kabisa, si ya kujifariji. Niliamka na kitu cha kwenda kutazama. Kabla sijachota maji, kabla sijawasha moto, nilikuwa nakwenda kwanza kuuangalia, hata uwe umefanya upuuzi gani jana yake. Baba yako alikuwa akiniambia wanawake wana wivu na waume zao na mimi nina wivu na mti, na alikuwa karibu sawa. Ulipozaliwa nikakubeba nikaenda na wewe. Ungeniuliza miaka ile ya majani matupu kama naweza ningekuambia siwezi, ona mwenyewe, hauna hata tini moja. Na kesho yake asubuhi ningekwenda tena.

Nakutakia hiyo. Tini nazo nakutakia, zijae ndoo.

Ngoja, wali.

Nimerudi. Wali haujaungua, asante kwa kuuliza. Nilipita kwenye korido kufuata sahani kubwa, na mlango wa chumba chako ulikuwa wazi kidogo. Nilidhani uko uani na wenzako. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya begi. Umetoa vile viatu vyeusi vya kisigino alivyokuletea shangazi yako kutoka Singida mjini, vipya, bado vina karatasi ndani, umeviweka pembeni. Umetoa na gauni la kitenge. Na kwenye nafasi yake ulikuwa unalaza vijiti kimoja kimoja, umevifunga kwenye khanga uliyoilowanisha. Nilikuambia uchukue vichache vya kujaribia. Umechukua kiroba chote. Na ulikuwa unaimba, wimbo ule ule unaouimba ukitoa tini za baridi.

Hukuniona. Nimekuja hapa na sahani nimekaa, nimelia kidogo na nimecheka sana, na shangazi yako amechungulia akaniuliza nina nini, nikamwambia moshi.

Barua hii naichomeka kati ya vijiti, utaikuta ukifungua kuvipanda. Ukiwa umefika kwenye mstari huu ujue mikono yako tayari ina udongo wa Makete.

Viatu usivisumbukie. Nitavileta mimi. Siku utakayoniambia kuna tini imeiva, hata moja, hata ikiwa imeliwa nusu na ndege, nitapanda basi la kesho yake na nitavivaa njiani, maana miguu yetu inalingana. Ukivikuta vimepinda visigino usiniulize.

Mama yako